Konokono wa Chemchemi ya Ngoliba

Niliondoka Kahawa Sukari Jumamosi asubuhi kwa sababu ya simu ya tata Nyambura, dada wa baba yangu. Kamati ya maji kwao Ngoliba ilikuwa imeamua kutia sumu ya kuua konokono kwenye chemchemi siku hiyo hiyo, kwani binti wa mwenyekiti alikuwa amepatikana na kichocho, ugonjwa unaoenezwa na konokono wa majini. Mimi huchunguza konokono katika maabara ya chuo, na tata alitaka niwaone kabla hawajauawa.

Saa mbili nilikuwa Thika, nikabadilisha gari na kushika barabara ya Garissa. Mashamba ya mananasi yaliisha, ardhi ikawa kavu, miiba na vumbi tu.

Saa nne tata alinipa chai, tukateremka. Chemchemi ni ndogo, mtu mzima anairuka. Kiangazi, watu wa pale hawana maji mengine ya kunywa. Konokono walikuwa wametapakaa juu ya mawe, weusi, wadogo kama punje za mtama.

Mwenyekiti, Mama Mwende, alikuwa tayari na jerikeni ya sumu hiyo. Alinisalimia kwa heshima lakini hakuiweka chini. Alinisimulia jinsi binti yake, Mwende, alivyokojoa damu akaficha, kwa aibu.

Niliweka konokono mmoja kiganjani mwake, nikamshikia lenzi atazame. Yule mdogo alijivuta ndani ya gamba, akajifunika kwa kifuniko chake.

"Huyu ana mlango," nikasema. "Wale wa kichocho hawana. Mwende huoga wapi?"

"Kule bwawani, na wenzake."

Tulitembea hadi bwawani. Kwenye matete niliokota konokono wakubwa kidogo, wasio na mlango. Nilimweleza kwamba ndio aina yenyewe, ila sikuwa na hakika kama wana vimelea. Mama Mwende akaniambia sumu itangoja majibu yangu.

Jioni nilirudi Kahawa Sukari na konokono ndani ya chupa zangu. Wiki iliyofuata tulipata vimelea katika konokono wa bwawani. Watoto wote walipewa vidonge shuleni, Mwende akapona, na kamati ikazungushia chemchemi ua wa miiba kuzuia ng'ombe. Wale konokono wadogo wa chemchemi bado wako pale. Jina lao la kisayansi bado tunalitafuta.

Miaka yote nilikuwa nimezoea kufika mahali na kuanza kueleza. Siku hizi nikifika penye maji, kwanza nauliza watoto wanaoga wapi.