Uji alioninywesha mama asubuhi ya operesheni, Uvira

Habari za leo wakuu. Kaeni mkao wa kusoma, haya yamenikuta mwenyewe na siongezi chumvi.

Juzi nilipita na pikipiki nyuma ya hospitali niliyowahi kulazwa, harufu ya makaa na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ikanipiga. Nikamwambia dereva asimame kidogo. Nikamkumbuka mama.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na ngiri. Nikapangiwa upasuaji.

Kwa wasiojua, huku kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Anakwenda na garde-malade, ndugu wa kumpikia na kumfulia. Wangu alikuwa mama. Alitoka kijijini Runingu na mbabula, lile jiko la makaa, sufuria mbili, unga na mkeka, kana kwamba anahamia! Ndani ya saa moja wapishi wote kule nyuma ya wodi walikuwa rafiki zake.

Muuguzi akatuambia wazi: kuanzia jioni hakuna kula wala kunywa.

Mama akaitikia vizuri kabisa. Asubuhi akaja na termosi chini ya kitenge.

"Kunywa, mwanangu. Mutu hawezi enda ku kisu na njaa. Tumbo iko tupu, nguvu utapata wapi?"

Wakuu, nilikunywa vikombe viwili. Uji wa mahindi na soya, sukari ya kutosha. Nilijidanganya kwamba uji si chakula. Na kusema kweli, mama yangu hakuwa mtu wa kukataliwa.

Baadaye muuguzi akaja na kitanda cha magurudumu. Akauliza, "Hujakula kitu?"

Mama alikuwa amesimama pale pale. Kanisani yeye ndiye kiongozi wa akina mama, watu wanamheshimu. Sikutaka agombezwe mbele ya wodi nzima.

Nikajibu, "Hapana."

Tulipofika mlango wa chumba cha upasuaji, mke wa mgonjwa aliyenifuata kwenye zamu, dada mmoja wa Katogota, akamuuliza muuguzi kwa nini mume wake ananyimwa hata chai.

"Akilala na ile dawa, chakula inaweza kupanda, iingie mu mapafu. Anaweza kufa palepale."

Mama akashika kitanda changu kwa mikono miwili.

"Musimuingize! Alikunywa uji! Minye ndo nilimupa!"

Korido nzima ikageuka. Watu wengine walicheka. Mama alikuwa analia na kitenge kimedondoka, hata hakukiokota.

Daktari aliyetoka kwa kelele zile hakumgombeza yeye. Alinigeukia mimi.

"Weye mutu mukubwa, unadanganya muganga?"

Nilitamani sakafu inimeze. Operesheni ikasogezwa hadi kesho yake. Siku ile mama alikaa karibu yangu, kuanzia jioni na yeye hakuonja kitu.

Nilipasuliwa salama. Baada ya hapo ikawa vichekesho: muuguzi alisema sili mpaka nijambe kwanza. Wodi nzima ikawa inaniuliza habari za tumbo! Siku niliyofanikiwa mama alipiga vigelegele, lakini hakunipa hata kijiko mpaka muuguzi akubali. Nimekula vingi tangu hapo, ila ule mchuzi mwepesi wa samaki alionipikia siku ile bado naukumbuka.

Siku ya kutoka nilimuuliza kama hakuona haya kupiga kelele vile mbele ya watu.

Alikuwa anakunja mkeka. Akasema, "Sasa ningekaa ku kilio yako na heshima yangu, nayo ingeniita mama?"

Mama ameshatangulia. Pengo lake halizibiki.

Nilichojifunza: muuguzi akikuuliza kama umekula, mwambie ukweli, hata kama aliyekulisha ni mzazi wako.

Nyie mliowahi kulazwa, nani alikaa na ninyi? Kama yuko hai mpigieni kwanza, halafu mje mtusimulie hapa. Mimi wangu namba yake bado ninayo, ila hakuna wa kupokea.