Picha ya Kichwa cha Mama

Dukani kwetu Kariakoo, Kichaga kilikuwa marufuku. Mama mwenyewe ndiye aliyeweka sheria hiyo. Alisema mteja akisikia mwenye duka ananong'ona na wanawe kwa lugha asiyoijua, anajua tu kwamba anapunjwa. Ole wako uropoke neno la Kichaga; ulifinywa sikio hapo hapo mbele ya wateja, na mauzo yakaendelea. Basi mimi na kaka yangu tukakua watoto wa Kariakoo kabisa, wa kwenda mlimani kwao Mama Krismasi na kuwachekea mabibi bila kuelewa kitu.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ya nje imefunguliwa. Vitenge, redio, sabuni za kila rangi, kila kitu kilikuwa kinaingia. Hata mashine ya kupiga picha ubongo ilikuwa imeingia, kwenye hospitali moja ya binafsi Upanga, na huko ndiko tulikompeleka Mama siku alipoanguka akimpimia mteja kitambaa. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia haunyanyuki.

Daktari akaibandika picha kwenye kioo chenye taa. Akatuonyesha doa upande wa kushoto. Damu haikufika pale, akasema, na pale ndipo penye maneno. Akamgeukia Mama.

"Mama, fumba macho."

Mama akamtazama tu. Kisha akabwabwaja maneno mazito, yaliyovurugika, yakimtoka pamoja na mate.

"Haelewi tena," daktari akasema, kwa upole. Nilitamani kumzaba kofi.

Kaka aliiamini ile picha kuliko Mungu. "Mama tuliyemjua ameshaondoka," akaniambia. "Hulioni doa lile?"

"Doa lako mwenyewe!"

Alitaka Mama apelekwe mlimani akangoje siku yake. Nikagoma, nikamchukua nyumbani. Lakini moyoni niliogopa, jamani. Nikimlisha uji alinishika khanga na kubwabwaja, nami namwitikia, "Ndiyo Mama, ndiyo," kama ninayebembeleza mtoto mchanga. Baadaye nikachoka, nikawa namlisha kimya.

Jumapili moja mama muuza vyombo wa duka la jirani, mzaliwa wa kijiji kimoja na Mama, akaja kumwona akiwa na mtori wake, supu ya ndizi, kwenye hotipoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Kabla sijajibu, Mama akaanza kubwabwaja. Yule mgeni akasikiliza. Akaweka hotipoti chini, akamjibu kwa Kichaga. Mama akasema tena, akajibiwa tena. Machozi yakaanza kumtoka Mama, na mgeni naye akawa anajifuta kwa kilemba.

"Nani kawaambia haelewi?" akanifokea. "Kiswahili ndicho kimemtoka. Cha kwao anacho, ila ulimi mzito."

"Anasema nini?"

"Anauliza amewakosea nini, mbona mmemsusa. Anasema kila akiwasemesha hamumjibu."

Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaushika ule mkono wake mzima.

"Mwambie hatujamsusa! Jamani, mwambie!"

"Mwambie mwenyewe, mwanangu. Si huyo hapo anakutazama?"

Kweli alikuwa ananitazama, anangoja. Nikafungua mdomo, na sikuwa na neno hata moja la Kichaga.