Ishirini na Tano za Bibiane

Bibiane hakuwa amelala usingizi wa maana tangu mumewe Valère auawe kule Uvira, na hiyo ni miaka mitano. Pale Bwaise, mtaa alikokimbilia ukimbizini, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na kuyauza, na mwezi ule mara mbili aliinjika sufuria kavu motoni, akakaa akiitazama mpaka ikatoboka. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, kulala. Ila ukimuuliza hali, alikuambia ni mzima. Msimwite mnafiki; ilikuwa amri ya Mchungaji Guerschom. Kanisani kwao mtu hufunga siku arobaini akikiri analolitaka kana kwamba amekwisha kulipata, na neno moja la manung'uniko likimponyoka, anaanza upya. Bibiane alishaanza upya mara mbili. Sasa alikuwa siku ya thelathini na saba.

Siku hiyo ndiyo aliyoichagua Odyek kubisha hodi na makaratasi yake. Alikuwa mtu mpole wa Lira, kaajiriwa na watafiti kupima nyoyo za watu wazima nyumba kwa nyumba, kana kwamba moyo ni kilo ya sukari. Sharti la kazi lilikuwa hili: asome maswali matano yalivyo, aandike majibu, na asiseme kabla alama zitafanyiwa nini, watu wasije wakajililia makusudi.

“Mama, hii wiki mbili, wewe nasikia furaha namna gani? Sifuri ni hapana hata siku moja. Tano ni siku yote.”

“Tano,” Bibiane akajibu.

Moyo kutulia, tano. Nguvu mwilini, tano.

“Asubuhi naamka, mwili imepumzika?”

Odyek aliyaona macho ya Bibiane yalivyoiva kwa kukesha, akaisimamisha kalamu. Jibu la kweli lilimfika Bibiane kooni, akalimeza. Zilibaki siku tatu tu.

“Tano, kwa jina la Yesu. Andika.”

Odyek akaandika, macho hayakuwa na nafasi kwenye fomu. Na la mwisho likawa tano.

Jirani wa Bibiane, Aber, mke wa polisi kutoka Gulu, alipoulizwa hayo hayo hakuwa na simile. Alisema furaha aliisikia mara ya mwisho kabla hajaolewa. Akapata alama tatu, na kwa tatu hizo akapewa kadi ya njano: kila Alhamisi daktari, na dawa za bure, za usingizi zikiwemo.

Bibiane alipooneshwa kadi ile aliuacha mchi kinuni, akamkimbilia Odyek hadi barabara ya Bombo.

“Ndugu, nilikudanganya. Miaka mitano silalaka. Andika sifuri.”

Odyek alimwamini, na imani yake haikufaa kitu. Akampigia simu msimamizi, naye akacheka hadi Bibiane akamsikia. “Hao wakiona kadi, yote naanza kuugua. Jibu ya kwanza ndiyo jibu.” Mficha maradhi kifo humfichua, wanasema wahenga. Kwa Bibiane hata kifo hakikuwa na haraka.

Jumamosi akaenda kwa Mchungaji kuungama kwamba alisema uongo. Alipofika kwenye ishirini na tano juu ya ishirini na tano, Mchungaji hakutaka kusikia yaliyobaki. Jumapili akampandisha madhabahuni na kutangaza: wataalamu wenyewe wamempima mama huyu, hana kasoro.

“Unalala, mama?”

“Nalala sana,” Bibiane akasema kwenye kipaza sauti, na kanisa zima likapiga vigelegele.

Ibada ilipokwisha, Huguette, muuza vitenge wa mtaa wa pili, alimshika mkono. Tangu azike watoto wawili naye usingizi ulimkimbia. Alitaka kujua Bibiane alifanyaje.

Bibiane alijua kwamba Jumanne ilikuwa zamu ya mtaa wa pili, na Odyek angekuwa kwa Huguette. Neno moja la kweli lilitosha kumpatia mwenzake kadi. Lakini alipomfikiria mwenzake na kadi ya njano, amelala fofofo, kijicho kilimpanda.

“Funga siku makumi ine, dada,” akamwambia. “Na yule mutu wa makaratasi akikuja, umujibu tano. Zote tano.”

Huguette alishukuru kwa machozi, akafungua furushi, akamchagulia kitenge kizuri kuliko vyote. Bibiane akakipokea kwa mikono miwili.