Taa ya Breki Ukweni

Baba mkwe wangu alikuwa gadi wa treni za mizigo hadi alipostaafu, na msimamo wake wa kazi ulikuwa mmoja: chombo kisicho na taa nyekundu mkiani hakijakamilika, na kisichokamilika hakiondoki stesheni. Kwa gadi, taa ya mkia ndiyo ushahidi kwamba treni yote imepita na hakuna behewa lililoachwa porini. Ndiyo maana asubuhi ile, nilipoingia uwanjani kwake Samuye kuwachukua mke wangu na mtoto wetu wa kwanza, mzee hakuvutwa na bampa niliyoisugua kwa majivu mpaka ikang'aa. Alipita moja kwa moja hadi nyuma ya gari, akasimama huko mikono mgongoni, akanitazama nikikanyaga breki.

"Shikamoo, baba," nilisema nikishuka.

"Marahaba. Mkia wako umekufa."

Nilizunguka kuangalia. Taa ndogo za pembeni zilikuwa zikiwaka vizuri, nikamwonyesha.

"Hizo zinasema upo," akajibu. "Mimi naitaka ile inayosema umesimama. Barabara ya Kahama unalijua vumbi lake. Lori la mizigo likikufuata humo, litajuaje kwamba umekanyaga breki? Litakuja kuuliza humo humo ndani ya gari. Mjukuu wangu haondoki mpaka nione nyekundu. Nikirudi mnadani iwe inawaka. Isipowaka, atakaa hapa mpaka pamba ivunwe, na mama yake pia."

Akachukua fimbo yake, akamswaga dume la ng'ombe alilokuwa akienda kuliuza, akatokomea njiani.

Lazima nieleze nilivyokuwa siku hiyo, maana bila hivyo mengine hayataeleweka. Mke wangu alikuwa amekwenda kujifungulia kwao, kama desturi inavyotaka kwa uzazi wa kwanza, na mimi nikabaki Geita nikifundisha umeme na joto kwa chaki, nikirudi jioni kwenye nyumba isiyo na sauti. Mtoto nilikuwa nimemwona mara moja tu, naye alikuwa amelala. Kwa hiyo nilisafiri kwenda Samuye nikiwa na furaha iliyokaribia wazimu. Njiani niliimba. Niliwapigia honi ng'ombe, nikawapungia mkono watu nisiowajua. Na sasa kati yangu na furaha hiyo kulisimama waya, balbu au swichi, sikujua kipi.

Mke wangu alikuwa ametoka na mtoto kwenda kuwaaga shangazi zake katika miji ya jirani, maana kule kila boma ni mji, na miji hiyo haiagwi kwa haraka. Kila mlango una uji wake. Nyumbani tulibaki wawili tu: mimi na mama mkwe.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mkwilima na mama mkwe wake, kwa desturi ya kule, hawatazamani usoni wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Mimi niliyerudi na shahada kutoka chuo kikuu cha ng'ambo ya ziwa niliishika desturi hiyo barabara, na si kwa woga. Niliona kwamba heshima isiyokugharimu chochote ni salamu tu. Neno likilazimika kusemwa, humpitia mtu wa tatu. Pasipokuwa na mtu wa tatu, humpitia yeyote aliyepo. Asubuhi ile aliyekuwepo alikuwa kuku mwekundu, aliyekuwa akichakura karibu na kinu.

Taa ya breki haipimwi na mtu mmoja. Anayekanyaga yuko mbele, taa iko nyuma. Nikakohoa, nikaupa mlango wa jikoni mgongo.

"Kuku," nikasema, "muulize mama kama anaweza kusimama nyuma ya gari na kutazama taa nikikanyaga."

Kimya kikapita. Baadaye nilitambua kwamba alikuwa akimpa kuku muda wa kufikisha ujumbe.

"Kuku," ikaja sauti kutoka jikoni, "mwambie huyo mtu naja, lakini apande kwanza na atazame mbele."

Nikapanda, nikatazama mbele kama askari wa gwaride. Nikasikia kanga zikipita upande wa nyuma. Nikakanyaga.

"Kuku, mwambie haiwaki."

Nikaichomoa balbu, nikaiinua juani: nyuzi zake zilikuwa nzima. Nikapiga honi, kwa kuwa kwenye gari lile honi na taa ya breki zilipita fyuzi moja. Honi ikalia, mbuzi wakaruka ua, na kuku wetu akakimbilia mtamani.

Mazungumzo yakakatika. Nilibaki nimeshika balbu, mama mkwe nyuma ya gari, na kati yetu hapakuwa na mjumbe. Nikamsikia akimwita kuku kwa mtama, akitikisa ungo. Kuku hakurudi.

"Kinu," akasema hatimaye, na nikasikia kicheko kikianza kumponyoka, "wewe angalau huna miguu. Mwambie huyo mtu aendelee."

Nikaendelea. Kama balbu ni nzima na fyuzi ni nzima, anayebaki kushukiwa ni swichi. Katika gari lile swichi ya breki ilikuwa kitu kidogo kama kizibo cha chupa, imekazwa kwenye silinda ya breki chini ya sakafu. Ukikanyaga, mafuta huisukuma kwa ndani, umeme hupita, taa huwaka. Nikaingia uvunguni. Nikaziunganisha nyaya mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi, nikizipitishia umeme pembeni, bila swichi.

"Kinu! Mwambie imewaka! Jicho jekundu hasa!"

Nililala pale uvunguni, mavumbi mdomoni, nikacheka peke yangu. Miaka mingi nilikuwa nimechora njia hiyo ya umeme ubaoni, na hakuna darasa lililowahi kuipokea kwa shangwe ya namna ile.

Swichi nyingine nilikuwa nayo ndani ya kopo la biskuti alimohifadhi vipuri mwenye gari aliyenitangulia, pamoja na chupa ya mafuta ya breki. Nikafungua ile mbovu, nikaziba tundu kwa kidole gumba, nikafunga nzuri. Hata hivyo mafuta yalitiririka mpaka kwenye kiwiko, na palipotoka mafuta, hewa imeingia. Breki yenye hewa hunepa kama godoro. Ilibidi hewa itolewe gurudumuni: mmoja akanyage na kushikilia, mwingine afungue msumari wa hewa, ile skrubu ndogo nyuma ya gurudumu, aufunge, ndipo wa kwanza aachie.

Kwa kupitia kinu nikamwomba mama akae yeye kwenye breki, nami nikashuka kwenye magurudumu, na hapo kinu kikatushinda. Nilikuwa nikisema, "Kinu, mwambie mama akanyage," naye, akiwa ameketi kwenye kiti cha dereva mikono mapajani kama bibi harusi, alingoja kwanza kinu kifikishe. "Kinu, mwambie asiachie bado." Alikuwa ameshaachia. Hewa tuliyoitoa ikarudi.

Yeye ndiye aliyepata njia. Akashuka, akaingia ndani, akatoka na kitu akakiweka juu ya kinu, kisha akarudi kwenye kiti chake bila kunitazama. Ilikuwa filimbi ya mzee, ile ya kazi.

"Kinu," akasema, "mwambie nimeishi na gadi tangu nikiwa msichana. Mlio mmoja nakanyaga. Miwili naachia. Filimbi si maneno."

Nikapuliza. Akakanyaga kwa mguu uliozoea kukanyaga udongo wa kujengea nyumba, na mafuta yakatoka yakitoa povu. Nikafunga, nikapuliza mara mbili, akaachia. Tukalizunguka gari gurudumu kwa gurudumu, mimi nikipuliza, yeye akikanyaga, na kila mara nikamsikia huko mbele akicheka chini kwa chini kama msichana kanisani, mpaka yakatoka mafuta matupu. Nikajazia silinda, nikasimama nyuma ya gari, nikapuliza mlio mmoja wa mwisho.

Ikawaka, nyekundu ya kukolea, mchana kweupe.

Kwa furaha nikainua kichwa, na pale, ndani ya kioo kidogo kilicho juu ya dereva, macho yangu yakakutana na macho ya mama mkwe.

Wote tukaganda. Filimbi ilikuwa bado mdomoni mwangu. Nilijua maana yake: mkwe akitazamwa usoni, wazee huitwa, mbuzi hutafutwa, na hakuna safari siku hiyo wala kesho yake. Taa ilikuwa inawaka, na huenda nilikuwa nimempoteza mtoto kwa sababu ya kioo. Mguu wake ulikuwa bado kwenye breki, na ile nyekundu ilinimulika suruali kama mtuhumiwa.

"Kinu," akasema, "mwambie huyo mtu kwamba kioo si uso. Mimi nilikuwa natazama kama kilemba changu kimekaa."

Kisha akacheka wazi, bila kujificha, nami nikageuka nikacheka kuelekea zizini, kama heshima inavyotaka.

Tulikuwa bado katika hali hiyo mzee alipoingia uani akihema, kofia mkononi, kanzu ameikunja kiunoni. Miguu yake haikuwa imestaafu. Alikuwa ameisikia filimbi yake kutoka njiani. Akamwona mkewe kwenye usukani.

"Nani anaondoa treni hapa?"

"Mimi," mama mkwe akamjibu. "Panda au baki."

 Mzee alipita nyuma, akasimama mikono mgongoni.

"Kanyaga."

Ikawaka.

"Achia. Kanyaga tena."

Ikawaka tena. Akaivaa kofia yake, ambayo nadhani alikuwa ameivua ili tu apate kuivaa.

"Limekamilika," akasema.

Mke wangu alirudi akiwa amelemewa na karanga na kuku wa zawadi, mtoto akiwa mgongoni, macho wazi safari hii, akaniangalia mimi niliyejaa mafuta mpaka masikioni. Mzee akatuondosha rasmi, bendera ya kijani mkononi. Mama mkwe alisimama kando ya kinu, uso ameuelekeza upande.

Sasa mimi ni mtu wa makamo, na mtoto yule amenizidi kimo. Katika maisha yote ya mama mkwe sikuwahi kumwambia neno moja ana kwa ana, wala sijutii. Ila siku ile, kwenye kona kabla ya barabara kuu, palipokuwa hakuna lori, wala ng'ombe, wala sababu yoyote ya kusimama, nilikanyaga breki, nikaachia, nikakanyaga tena.

Nyuma yetu, mbali, sauti ikapaa juu ya vumbi. Nilimuuliza mke wangu amesema nini.

"Anaongea na kinu," mke wangu akasema, akigeuka kutazama. "Anakiambia kikwambie inawaka."