Gurudumu la Kisimani kwa Bibi

Juzi, katika nyumba ya wageni huko Babati, niliamshwa na mlio wa chuma kikavu kinachozunguka. Mtu alikuwa akivuta maji uani. Nilibaki kitandani, nimechoka na safari kama ninavyochoka siku hizi, nikausikiliza mlio ule mpaka ukanirudisha Kondoa, uani kwa bibi mzaa mama, nikiwa bado msichana wa shule ya msingi.

Baba yangu alikuwa dereva. Maisha yake yote aliendesha magari ya watu, na wa mwisho kumwajiri alikuwa Mwingereza mmoja aliyekaa Dodoma kupima miamba. Mzungu yule alipoondoka alimwachia baba gari lake la starehe: kuukuu, dogo, la kijani, la watu wawili, halina paa, na lilikaa chini kiasi kwamba mbuzi wa jirani walichungulia ndani bila kuinua shingo. Magurudumu yake yalikuwa ya waya kama ya baiskeli. Matatu yalikuwa mazima, la nne lilikuwa limepondeka korongoni. Basi gari likakaa uani kwetu Ipagala, pale pale Dodoma, kona moja juu ya mawe.

Mtasema, si angefunga gurudumu lolote? Haikuwezekana. Yale hayakushikwa na nati nne au tano kama ya magari mengine. Kila gurudumu lilikuwa na meno ndani ya kitovu, likachomekwa kwenye ekseli yenye meno yanayolingana nayo, kisha likabanwa na nati moja kubwa yenye masikio mawili, ya kugongwa kwa nyundo. Meno yakikataa, basi tena.

Tulilitafuta gurudumu hilo miaka. Nasema tulilitafuta kwa sababu nilikuwa naye, pua yangu imejaa harufu ya grisi ya zamani na chuma kilichokaangwa na jua. Tulipekua vyuma chakavu vya Miyuji. Tulikwenda Mpwapwa kwa sababu mtu fulani alimjua mtu aliyewahi kuliona. Tulikwenda Singida, tukaonyeshwa kwa fahari gurudumu la pikipiki. Tukirudi, vumbi mpaka kwenye kope, mama alitupokea na methali ileile huku akituwekea maji ya kuoga: "Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata." Halafu akaongeza la kwake: "Nanyi naona hamjachoka bado."

Baba hakutaka gari kwa ajili ya maringo. Alitaka kuingia nalo Kondoa. Bibi hakuwahi kumwita kwa jina, wala mkwe, wala baba Zuhura. Alimwita "yule dereva," na alilitamka neno dereva kama mtu anayetoa mwiba mdomoni. Alimwoza binti yake shingo upande kwa mtu ambaye, alivyosema, hata usukani anaoshika si wake. Baba aliapa kwamba siku moja atasimamisha gari lake mwenyewe mbele ya mlango ule na kupiga honi.

Likizo moja alinipeleka Kondoa kwa basi. Kama kawaida aliishia barazani, maana kwa desturi yetu mkwe haingii uani, hatazamani na mama mkwe, wala hasemi naye uso kwa uso. Mimi nilitumwa kisimani. Kisima kile babu alikichimba uani, na majirani wote waliteka hapo. Nikavuta, kamba ikachomoka kwenye kapi la juu inamopita, ikanasa, wanawake wakaanza kupiga kelele.

"Hakuna mwanamume nyumba hii?"

"Yupo mmoja barazani, amekaa kama mzigo!"

Bibi alivuta khanga akajifunika uso, akageukia ukuta. Baba akaingia, macho chini, akashika kamba. Kisha akainua macho, na sikuwahi kumwona mtu akitazama kitu vile.

Kapi la kisima lilikuwa gurudumu la waya. Nilikuwa nimeliona kila likizo, jeusi, kamba imepita mahali pa tairi, na kwangu lilikuwa ni kisima tu. Baba alichungulia kitovuni. Walikuwa wamepachika kigogo cha mti, na nyuma yake meno yalikuwa yamelala salama kana kwamba yamefungwa jana.

"Zuhura," akasema, "muulize bibi yako limetoka wapi."

Bibi alikuwa hatua chache tu, lakini niligeuka nikamuuliza.

"Mke mwenzangu, mwambie yule dereva, ni la gari la bwana shamba Mzungu, wa zamani. Babu yako alilifunga kwa mikono yake. Alipokufa nikaliweka wakfu, kila anayekunywa amwombee."

"Mwambie naliomba. Ndilo ninalolitafuta kwa gari langu."

"Mwambie wakfu hauuzwi, haurithiwi, wala haugawiwi."

"Mpe mkwe wako gari litembee!" akadakia mwanamke mmoja.

"Na sisi tuvute maji kwa meno?" akajibu mwingine, wakacheka.

Bibi aliikaza khanga usoni. Kisha akasema, bado ameuelekea ukuta, "Mwambie mwalimu wa madrasa alitufundisha, wakfu unaweza kubadilishwa kwa kilicho bora zaidi. Alete lililo bora kuliko hili, hili achukue."

Kule Miyuji rimu za magari za kila aina zilikuwa zimelala kwenye majani. Nani angejua kama si bora?

Baba alilizungusha gurudumu taratibu. Akagusa waya mmoja mmoja kwa ukucha, akisikiliza. Lilizunguka bila kuyumba, likilia tu kwa ukavu. Alisimama pale mpaka ndoo zikapangana foleni.

"Mwambie bibi yako," akasema, "sijaona lililo bora kuliko hili." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Muulize kama kuna mafuta."

Nililetewa kibuyu cha mafuta ya alizeti. Alilipaka kitovuni mpaka mlio ukakoma, akairudisha kamba mahali pake, akarudi barazani bila kutazama nyuma. Mimi nililia, nikidhani tumeshindwa.

Jioni Bibi alinikabidhi sinia la ugali na mlenda. "Mpelekee mwanangu aliye barazani," akasema. "Asisafiri na njaa."

Hatukutafuta tena. Kuku walitagia kwenye kiti cha abiria, na baba alifariki bila kuipiga honi ile Kondoa. Siku hizi, popote nilalapo, huyaona magurudumu yale kwenye simu, yanang'aa, yanauzwa huko Uingereza kama nyanya.

Kwa miaka mingi nilisema siku ile baba alikuwa mkweli. Angeweza kuleta rimu yoyote na kuisifu, lakini alilipenda mno gurudumu lile hata asiweze kulisingizia uduni. Pale Babati, nikisikiliza mtu nisiyemjua akivuta maji, nilikumbuka jinsi mabega yake yalivyoshuka alipopokea sinia lile na neno lile la bibi, akanawa, akala polepole, kama mtu aliyefika. Labda alikuwa amechoka tu. Na mama, kwa methali yake ya mtafutaji, alikuwa ametuambia maana ya kuchoka huko kila jioni, tukijiosha vumbi, wala hatukumsikia.