Sauti kubwa ni ipi? Nilivyogeuza matetemeko ya Goma kuwa muziki na kwaya nzima ikatoka ukumbini

Wakuu, nawasalimu kutoka Goma.

Ninayoandika hapa yamenitokea mwenyewe, na sitaongeza chumvi. Kama kuna mtu humu alikuwa ukumbini siku ile mtaa wa Majengo, anisahihishe nikikosea. Najua mpo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari. Jumapili napiga kinanda kanisani. Kwetu ni upande wa Bukavu ila Goma imeshanizoea. Halafu ni mtu nisiyetulia, niseme mapema. Nikipata wazo hata ugali nakula nimesimama, mke wangu ameshachoka kunisema.

Kwa ambao hamjafika huku: tunaishi chini ya volkano. Hali yake tunaelezwa kwa rangi. Kijani, njano, chungwa, nyekundu. Kijani endelea na shughuli zako, nyekundu kimbia.

Mpango mzuri kabisa, kama una macho.

Mwalimu mwenzangu, Mama Masika, hana. Haoni tangu utotoni. Anafundisha Kifaransa shule moja na mimi, na anaongoza kwaya ya wasioona pale Majengo. Siku lava iliposhuka mara ya mwisho, jirani alimshika mkono wakakimbia. Kufika njia panda jirani akakumbuka watoto wake, akamwachia. Mama Masika akabaki amesimama katikati ya watu wanaokimbia, na kila mmoja anapiga kelele "angalia kule". Aangalie na nini?

Tangu hapo ndugu zake wa Butembo, mji wa kaskazini, wanataka ahame. Mdogo wake Kambale, mfanyabiashara, akatangaza kwamba safari hii anakuja kumchukua. Hoja yake ilikuwa fupi: asiyeona hawezi kukaa chini ya volkano, kwa sababu hawezi kujua mambo yameharibika mpaka mtu amwambie. Mama Masika hataki. Kazi yake iko hapa, kwaya yake iko hapa.

Mimi nikaona hiyo hoja ni ya fizikia. Na ya muziki.

Jamaa mmoja anayejua mambo ya mlima alikuwa amenipa namba za matetemeko ya zile siku baada ya lava, nyumba zilipokuwa zinapata nyufa. Nikakaa na kompyuta. Kila tetemeko nikaliwekea noti moja ya muziki: dogo noti ya chini, kubwa noti ya juu, kama mstari wa mchoro unavyopanda. Wanaoona wangepata mchoro wa rangi ukutani kwa projekta pamoja na muziki. Wasioona wangepata muziki, na wangejua kile kile. Kambale tungemwalika aone mwenyewe.

Muda wa mazoezi haukuwepo, umeme ulikuwa unakatika kila saa. Nikamtumia Mama Masika ujumbe wa sauti: waambie wanakwaya, sauti ikiwa kubwa ndiyo nyekundu, wasimame watoke.

Wakuu, hapo kwenye "sauti kubwa" ndipo nilipojichimbia shimo.

Jumamosi mchana ukumbi wa parokia umejaa. Wanafunzi wangu, wazazi, kwaya upande wa kulia. Kambale alikuwa ameteremka kwa barabara ya Rutshuru, na hatari za ile njia mnazijua. Amekaa mbele, mikono ameikunja, jaketi hajavua.

Nikabonyeza.

Mwanzo ni kijani. Mlima umetulia, noti za chini, nzito, za pole pole. Nimeanza tu kupumua, nasikia viti vinaburuzwa. Kwaya nzima imesimama. Fimbo zinatafuta njia, wameshikana mabega, wanaelekea mlangoni kwa utaratibu mzuri sana. Wanaoona wanatazama ukuta: kijani tupu. Wanatazama kwaya. Mtu akacheka.

Ningezima pale pale, lakini nilikuwa nawakodolea macho wanakwaya. Muziki ukaendelea mpaka nyekundu, noti nyembamba zinalia juu kabisa, wanafunzi wangu wakaanza kuinuka. Na kwaya huko nje, waliposikia hizo noti nyembamba dirishani, wakaanza kurudi kukaa.

Nilitamani ardhi inimeze, na kwa Goma hilo si jambo la kutamani kwa mzaha.

Kambale akasimama. Hakupaza sauti.

"Yaya, sasa umesikia mwenyewe. Kukiwa muzuri munatoka, kukiwa mubaya munarudia. Lundi tunaenda Butembo."

Yaya kwetu ni dada mkubwa, na lundi ni Jumatatu. Mama Masika akageukia nilipokuwa.

"Prof, kwako sauti kubwa njo gani?"

Nikamwambia, ile ya juu, yenye nguvu.

"Mu kwaya sauti kubwa ni besi. Soprano ni sauti ndogo. Na weye unajua, kila dimanche uko nasema vile."

Ni kweli tupu. Kanisani kila Jumapili mimi mwenyewe nasema hivyo, sauti kubwa wakae nyuma, sauti ndogo mbele. Lakini wiki ile yote nilikuwa na mchoro kichwani. Ukutani hatari inapanda, basi na mimi nikaipandisha. Nilitunga muziki kwa macho.

Akaongeza:

"Na hapa Goma, kitu ya kuogopesha haiyaimba soprano hata siku moja. Mulima, bombe, yote ni besi."

Vita tumeishi nayo, habari ya mabomu hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Akaniomba nigeuze pale pale, na nizime projekta. Kugeuza kwenye kompyuta ni kazi ndogo. Wanaoona wakanung'unika, tutaangalia nini sasa? Akawaambia wasikilize kwaya inavyosikiliza.

Mara ya pili kijani ilikuwa nyembamba, nyepesi, unaweza kufulia nguo. Njano ikashuka kidogo. Ilipofika nyekundu, besi ilitoka kwenye spika ikapita sakafuni mpaka miguuni. Hakuna aliyesubiri kuambiwa. Walisimama wote pamoja, wenye macho na wasio na macho, na Kambale naye alikuwa amesimama. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia baadaye kwamba zile rangi anazijua tangu mdogo, na hazijawahi kumtisha.

Nilifurahi, sifichi.

Kesho yake baada ya misa nikapita kwa Mama Masika kunywa chai. Kambale naye yupo mezani. Tuko katikati ya chai, ardhi ikatikisika. Vikombe vikalia. Watu wa Goma mnajua vile moyo unavyoruka kabla ya wewe mwenyewe. Kambale akamrukia dada yake, akamshika mkono, anamvuta.

"Niachilie," Mama Masika akasema. "Hii ni sauti ndogo. Kunywa chai yako."

Kambale akakaa.

Wakuu, nilicheka, halafu nikakumbuka kitu. Ule muziki ni wa matetemeko yaliyopita. Hausemi lolote kuhusu kesho. Mlima huu unaweza kuja bila kupiga hodi, na tetemeko dogo si ahadi ya chochote. Mimi nilitengeneza somo, sikutengeneza king'ora. Je, nimemfundisha mtu kukaa siku ya kukimbia?

Nikijua Kambale anasikia, na kwamba maneno yangu yanaweza kumpa ushindi, niliweka kikombe chini nikasema yote. Kwamba sijui. Kwamba hata wanaopima mlima kuna siku hawajui. Mama Masika aliniacha nimalize.

"Zamani banakuwa bananipa mukono tu," akasema. "Leo umenipa na mashaka yenu. Hiyo njo nilikuwa nakosa."

Kambale akamaliza chai yake. Jumatatu alirudi Butembo peke yake. Kabla ya kupanda gari alinifuata shuleni, akaniomba nimtumie ule muziki kwenye simu. Sikumuuliza wa nini.

Mimi bado situlii. Ardhi ikitikisika tu, nasikiliza kama ni besi, na moyo hautaki kukubali jibu.

Nilichojifunza: ukitaka kumpa mtu elimu asiyoweza kuiona, kaa naye kabla hujachagua nini kiwe juu na nini kiwe chini, hata kama una cheti cha ualimu. Na mpe na zile sehemu usizozijua, usimpunguzie kwa huruma.

Sasa semeni na nyie, msinionee haya. Kwenye kwaya zenu, sauti kubwa ni ipi? Na kama kuna mwalimu humu aliyefundisha wasioona sayansi, aniambie: siku ya kusema "hatujui", yeye huipigia noti gani?