Mchezo ni Saa Kumi

Neno lililoniponza ni mchezo. Nilikuwa nafundisha fasihi Bariadi, miaka ile soko huria lilipoingia na kila mnunuzi wa pamba akaja na lori lake. Mkuu wetu wa shule naye akaanza kuongea kama mnunuzi: matokeo ndiyo mali, mengine makapi. Akatuletea kutoka Mwanza vijitabu vya muhtasari, eti wanafunzi wasihangaike na riwaya yenyewe. Nikivikumbuka vile vijitabu damu inanichemka hadi leo.

Mimi niliwaigizisha. Katika riwaya ya kidato cha tatu, mahari ya binti mmoja inakubaliwa kwa ukurasa mmoja tu. Wavulana wangu wakagoma. Usukumani, walisema, hakuna mahari ya ukurasa mmoja. Wakapanga chaki mezani, kila chaki ng'ombe, na upande wa baba ukawa unarudisha zilizovunjika. "Nduhu, hapana, hatumtaki, huyu hana pembe." Hata wavivu wa kusoma walifungua kitabu siku hiyo, wahakikishe baba alisema nini hasa.

Bibi harusi nilimpa msichana ambaye sikuwahi kumsikia akijibu swali, kwa kuwa kitabuni binti huyo hasemi neno katika kikao kile. Katikati ya kupatana ng'ombe akasimama. "Mbona mimi hamniulizi?"

Sauti ilifika nje. Mkuu wa shule akaingia. "We msichana, nani kakuuliza? Kaa chini."

Darasa likaangua kicheko na makofi, maana hayo ya nani kakuuliza, kaa chini, ndiyo maneno ambayo baba wa kitabuni anamwambia mkewe. Mkuu hakujua, kwa kuwa riwaya hakuisoma. Alidhani anazomewa. Akanigeukia, akaniambia mchezo ni saa kumi, uwanjani, na hapa ni darasani. Chaki akazikusanya mwenyewe. Riwaya zikarudishwa stoo siku hiyohiyo, tukabaki na muhtasari.

Kukaripiwa mbele ya wanafunzi nilikumeza. Ila yule msichana alikaa chini, na hilo sijalisamehe.

Wiki iliyofuata alinifuata mlangoni mwa ofisi ya walimu, akaniamkia, akauliza kama yule binti mwishoni anakuja kusema. Nikamwambia anasema, tena sana.

"Nimemtafuta kwenye muhtasari, mwalimu," alisema. "Wametaja ng'ombe tu. Yeye hayumo."